Kijembe kilichotundikwa kwenye nguzo: kwa nini miji hubadili jina la mtaa mbele ya ubalozi

Tarehe 15 Juni 2022, saa saba na dakika 14 mchana, watu walikusanyika nje ya ubalozi wa Saudi Arabia mjini Washington kuzindua kibao cha mtaa. Chenyewe ni kibao cha kawaida, cha aina ile ile inayotundikwa kwenye nguzo za jiji zima. Kilichowaleta wapiga picha ni maandishi: Jamal Khashoggi Way, yaani Njia ya Jamal Khashoggi. Hata muda haukuchaguliwa ovyo. Saa saba na dakika 14 ndiyo iliyosomeka kwenye picha za kamera ya ulinzi zilizomwonyesha Khashoggi, mwandishi wa habari wa Saudi Arabia aliyeukosoa utawala wa kwao, akiingia ubalozi mdogo wa nchi yake mjini Istanbul, tarehe 2 Oktoba 2018, kufuata karatasi za kumwezesha kuoa. Aliuawa humo humo ndani.

Kila habari ya namna hii inapotoka, mjadala huwa ule ule. Mmoja anauliza kama ubalozi sasa umelazimishwa kubadili anwani. Mwingine anabisha kwamba haiwezekani, kwa kuwa ubalozi ni ardhi ya nchi nyingine. Wa tatu ameshahitimisha kwamba Marekani imevunja urafiki na Saudi Arabia. Wote watatu wamekosea, lakini siwalaumu. Jambo lenyewe limetengenezwa makusudi lionekane kubwa kuliko lilivyo kisheria.

Majina yanayotundikwa hivi mara nyingi ni ya wapinzani, kwa hiyo tuanze na neno "mpinzani". Hapa halina maana ya mwanachama wa chama kisichotawala. Ni mtu anayeukosoa waziwazi utawala wa nchi yake mwenyewe, na akalipa kwa hilo: kwa kifungo, kwa kuhamishwa makwao au kwa uhai. Andrei Sakharov alikuwa mwanafizikia wa Urusi ya Kisovieti. Liu Xiaobo alikuwa mhakiki wa fasihi nchini China. Boris Nemtsov aliwahi kuwa naibu waziri mkuu wa Urusi kabla hajawa mkosoaji mkubwa wa Vladimir Putin. Hawana kazi moja wala itikadi moja. Wanachofanana ni kwamba kila mmoja alikuwa raia wa nchi ile ile ambayo ubalozi wake unapigwa kijembe, na makali yote yapo hapo. Ukimtaja adui wa jirani yako, jirani atakasirika tu. Ukimtaja mwanawe aliyemtesa, itabidi atafute la kujibu.

Jambo la pili ni tofauti kati ya jina rasmi na jina la heshima. Fikiria mtu ambaye kitambulisho chake kinasema Hamisi, lakini mtaani kila mtu anamwita Profesa. Benki itamwandikia Hamisi. Waliomzoea watamwita Profesa. Wala hakuna mgongano. Mitaa nayo iko hivyo. Mjini Washington, kibao cha Khashoggi kimewekwa juu ya jina lililokuwepo bila kulifuta. Anwani ya ubalozi wa Saudi Arabia imebaki kuwa New Hampshire Avenue. Ubalozi wa Urusi nao bado uko Wisconsin Avenue, ingawa tangu tarehe 27 Februari 2018 eneo la mbele yake linaitwa Uwanja wa Boris Nemtsov. Kwa hiyo mara nyingi unaposikia "jina limebadilishwa", kilichotokea ni kwamba jina la pili limeongezwa. Zipo sehemu ambako jina la zamani hufutwa kweli, na huko mambo huchangamka zaidi. Nitafika.

Sasa lile la ardhi. Imani kwamba ubalozi ni kipande cha nchi nyingine imeenea mno, na si kweli. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961, unaosimamia uhusiano wa kibalozi duniani, hausemi hivyo popote. Unachosema ni kwamba majengo ya ubalozi hayaingiliwi: polisi wa nchi mwenyeji hawapiti mlangoni bila ruhusa ya mkuu wa ubalozi. Ni kama chumba ulichopanga. Mwenye nyumba akiwa muungwana hawezi kujifungulia na kuingia wakati anaotaka, lakini chumba hakijawa chako kwa sababu hiyo, sembuse uchochoro unaopita nje ya dirisha.

Barabara ni ya mji. Mji unaitia lami, unaiwekea taa, unaipa jina. Mkataba unaitaka nchi mwenyeji iulinde ubalozi dhidi ya fujo na dhidi ya kuvunjiwa heshima, na hapo ndipo mabalozi huegemea wanapoandika barua za malalamiko. Lakini kulitaja jina la marehemu kwenye nguzo ya taa si fujo, na ni vigumu kwa serikali kusimama hadharani na kudai kwamba jina la raia wake mwenyewe ni tusi. Mtego wenyewe ndio huo. Ukilalamika, umekiri. Ukinyamaza, kibao kinabaki.

Nani hasa anaamua? Kwa kawaida ni baraza la jiji, si wizara ya mambo ya nje. Watu wengi hulipita hili haraka, na mimi naona ndiyo sehemu tamu kuliko zote. Madiwani hawana balozi wa kumwita nyumbani wala mkataba wa mafuta wa kulinda. Serikali kuu, ikiulizwa, inaweza kuinua mabega na kusema hayo ni mambo ya manispaa. Wakati mwingine inasema hivyo kwa dhati, wakati mwingine inasema huku imefurahi moyoni. Na mara nyingine kijembe kinaelekezwa kwa serikali hiyo hiyo.

Glasgow ni mfano mzuri. Mwaka 1986 ubalozi mdogo wa Afrika Kusini katika jiji hilo la Uskoti ulikuwa kwenye uwanja ulioitwa St George's Place. Baraza la jiji, lililokuwa mikononi mwa chama cha Labour, likafuta jina hilo na kuandika Nelson Mandela Place. Mandela wakati huo alikuwa gerezani, na serikali ya Margaret Thatcher kule London ilikuwa inakataa kuiwekea Afrika Kusini vikwazo vya maana. Kwa kibao kimoja madiwani wa Glasgow waliwapiga wawili: maofisa wa utawala wa ubaguzi wa rangi, ambao sasa barua zao zingepitia jina la mfungwa wao, na waziri mkuu wao wenyewe. Inasimuliwa kwamba ubalozi huo uliamua kutumia sanduku la posta ili kulikwepa jina hilo.

Budapest ilifanya jambo linalofanana mwaka 2021. Serikali ya Viktor Orbán ilikuwa inataka kuleta tawi la Chuo Kikuu cha Fudan cha China. Meya wa jiji, Gergely Karácsony, alikuwa anapinga. Akaipa mitaa ya jirani na kiwanja kilichotengewa chuo hicho majina mapya ya kuiudhi Beijing, likiwemo la Dalai Lama, la Hong Kong huru na la mashahidi wa Uyghur. Hapakuwa na ubalozi wowote pale. Palikuwa na mchoro wa chuo na meya mwenye hasira.

Washington yenyewe ni kesi ya pekee, kwa sababu Bunge la Marekani lina mamlaka juu ya jiji hilo na linaweza kulitungia sheria. Ndiyo maana huko kibao cha mtaa kinaweza kugeuka kuwa suala la Ikulu. Seneta Ted Cruz alipotaka mahali ulipo ubalozi wa China paitwe Uwanja wa Liu Xiaobo, na anwani ya ubalozi isomeke namba 1 ya uwanja huo, Seneti ilipitisha muswada wake Februari 2016. Ikulu ya Barack Obama ikaonya kwamba rais angeupiga kura ya turufu. China ilikuwa imeshang'aka, na mtandaoni baadhi ya raia wake walikuwa wamependekeza mtaa wa ubalozi wa Marekani mjini Beijing uitwe jina la Edward Snowden, Mmarekani aliyevujisha siri za ujasusi za nchi yake. Muswada ulifia njiani. Liu Xiaobo, mshindi wa Nobel ya Amani ya mwaka 2010, alifariki Julai 2017 akiwa bado anatumikia kifungo, hospitalini.

Hebu tuuangalie utaratibu wenyewe kwa karibu, maana nguvu ya jambo hili haiko kwenye bati. Iko kwenye anwani. Mnara unaweza kuupita bila kuutazama. Anwani lazima uiandike: kwenye barua, kwenye kadi ya jina, kwenye tovuti, kwenye fomu ya viza. Nyundo moja ya diwani inamfanya ofisa wa nchi nyingine aandike kwa mkono wake jina ambalo wakubwa wake wanataka lisahaulike. Kwa hiyo jina linapofutwa kweli na jipya kuwa rasmi, ofisi za ubalozi huanza kuhangaika kama mtu aliyekaa kwenye siafu.

Prague inaonyesha mahangaiko hayo vizuri kuliko mji mwingine wowote. Februari 2020, miaka mitano baada ya Nemtsov kupigwa risasi kwenye daraja hatua chache kutoka Kremlin, jiji hilo liliupa jina lake uwanja ulio mbele ya ubalozi wa Urusi, na njia iliyo katika bustani ya karibu ikapewa jina la mwandishi Anna Politkovskaya, aliyeuawa Moscow mwaka 2006. Warusi hawakuandamana. Walifungua ramani. Eneo lao ni kubwa na lina mlango upande wa pili, kwenye ofisi ya masuala ya kikonseli, katika mtaa wa Korunovační. Wakaihamishia anwani yao huko, jina la Nemtsov likabaki upande wa mbele bila wa kuliandika. Mwaka 2022 Urusi ikaivamia Ukraine kwa jeshi lake lote, na Aprili mwaka huo jiji likaja na bati jingine: sehemu ya Korunovační inayopita pale sasa inaitwa mtaa wa Mashujaa wa Ukraine. Nakiri nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu.

Mwaka huo wa 2022 Vilnius, Riga na Tirana nazo zilibadili majina ya mitaa inayopakana na ubalozi wa Urusi ili yaitaje Ukraine. Huko hakuna mpinzani aliyeenziwa, ni nchi iliyovamiwa, lakini chombo ni kile kile.

Usije ukadhani huu ni mchezo wa nchi za Magharibi peke yao. Tehran iliucheza mapema. Ubalozi wa Uingereza ulikuwa unapakana na mtaa wenye jina la Winston Churchill. Mei 1981 Bobby Sands, mfungwa wa IRA, kundi la silaha lililopinga utawala wa Uingereza katika Ireland ya Kaskazini, aliyechaguliwa kuwa mbunge akiwa gerezani, alikufa huko baada ya siku 66 za mgomo wa kula. Mtaa wa Churchill ukawa mtaa wa Bobby Sands. Waingereza wakatumia mlango mwingine, wa mtaa wa Ferdowsi, ambaye ni mshairi wa kale na hana ugomvi na mtu. Januari 2016, Saudi Arabia ilipotekeleza hukumu ya kifo dhidi ya shehe wa Kishia Nimr al-Nimr, mtaa wa karibu na ubalozi wake mjini Tehran ukapewa jina la shehe huyo.

Mfano wa Sands unafaa kutuliwa kidogo, kwa sababu unalitikisa lile neno tuliloanza nalo. Kwa London alikuwa mhalifu aliyehukumiwa kwa kosa la silaha. Kwa wengi wa Belfast ya Wakatoliki alikuwa mfungwa wa kisiasa. Hakuna ofisi duniani inayotoa vyeti vya upinzani. Anayeshika bati na rangi ndiye anayeamua, na huamua kwa macho yake.

Uturuki ilipokosana na Marekani mwaka 2018, Ankara iliuita mtaa wa ubalozi "Tawi la Mzeituni", jina la operesheni ya jeshi la Uturuki huko Afrin, Syria, ambayo Marekani haikuifurahia. Miezi michache baadaye baraza la jiji likaamua kwamba barabara ya jengo jipya la ubalozi, lililokuwa likijengwa, iitwe Malcolm X. Kijembe cha pili nakiona butu. Malcolm X ana barabara yake Harlem, New York, tena kubwa. Huwezi kumtia mtu aibu kwa jina ambalo ameshaliandika mwenyewe kwenye ukuta wake.

Moscow nayo ilipoona imepigwa, ilijibu. Mwaka 2018 mbunge mmoja alipendekeza ubalozi wa Marekani uwe na anwani ya namba 1, Kichochoro Kisichopenya cha Amerika Kaskazini. Hilo lilibaki utani. La mwaka 2022 halikuwa utani: kipande cha ardhi kando ya ubalozi huo, ambacho hakikuwa na jina, kiliitwa Uwanja wa Jamhuri ya Watu wa Donetsk, eneo la Ukraine ambalo Urusi ilikuwa imelitambua kuwa nchi. Kuandika anwani hiyo kungekuwa sawa na kuitambua. Ubalozi ulifanya nini? Kwenye tovuti yake, mahali pa anwani, ukaweka namba za latitudo na longitudo, kama meli iliyo katikati ya bahari.

Basi je, vibao hivi vinafanya kazi? Inategemea unadhani vimeandikwa kwa ajili ya nani. Kama ni kwa ajili ya kumbadilisha mtawala, jibu ni hapana, na hakuna haja ya kupamba. Kibao cha Khashoggi kilizinduliwa katikati ya Juni 2022. Katikati ya Julai, mwezi mmoja tu baadaye, Rais Joe Biden alikuwa Jeddah akigonganisha ngumi na Mwanamfalme Mohammed bin Salman, ambaye mashirika ya ujasusi ya Marekani yenyewe yalisema aliidhinisha operesheni ile ya Istanbul. Anayesema kwamba jina la mtaa ni sera ya nchi na aziweke picha hizo mbili ubavu kwa ubavu. Tena naongeza shaka yangu: kibao ni rahisi. Hakigharimu mkataba wala pipa la mafuta, na kwa wanasiasa wengine huwa ni namna ya kuonekana wamefanya jambo bila kulifanya.

Lakini ukiwauliza familia na wenzao, hawazungumzii sera. Zhanna Nemtsova, binti wa Boris Nemtsov, alikuwepo Washington siku ya uzinduzi wa uwanja wa baba yake. Moscow, kwenye daraja lenyewe alipoangukia, mamlaka zilikataa kuweka hata bamba la kumbukumbu. Watu wa kujitolea hupeleka maua na picha na kuyalinda kwa zamu, yanafagiwa, wanarudisha. Kwa mtu anayeishi hivyo, kibao ambacho hakuna wa kukifagia usiku si kitu kidogo.

Na wakati mwingine jina husafiri likarudi kwao. Mwaka 1984 Marekani iliupa mtaa wa mbele ya ubalozi wa Kisovieti jina la Uwanja wa Andrei Sakharov. Mwenye jina alikuwa amehamishiwa kwa nguvu Gorky, mji uliofungwa kwa wageni, bila simu nyumbani. Desemba 1986 mafundi walikuja kumfungia simu bila yeye kuomba, na kesho yake ikalia: Mikhail Gorbachev, akimwambia arudi Moscow. Hakuna mwenye akili atakayesema kibao cha Washington ndicho kilichofunga simu ile. Ila mwaka 1990, baada ya Sakharov kufariki, Moscow yenyewe ilikuwa na barabara yenye jina lake. Desemba 2011 makumi ya maelfu ya watu walikusanyika kwenye barabara hiyo kupinga wizi wa kura, na Nemtsov alikuwa miongoni mwa viongozi wa vuguvugu lile.

Mandela naye alifika Glasgow, Oktoba 1993, akiwa huru, akawashukuru wenyeji na kucheza dansi jukwaani huku mvua ikinyesha.

Kipo kibao kimoja cha zamani kuliko hivi vyote. Vita vya Vietnam vilipokuwa vimepamba moto, utawala wa mrengo wa kushoto mjini Calcutta, India, uliufuta mtaa wa Harrington na kuuita Ho Chi Minh Sarani, kwa kuwa ubalozi mdogo wa Marekani ulikuwa hapo hapo. Vita viliisha mwaka 1975. Marekani na Vietnam zilirudisha uhusiano mwaka 1995, na leo zinafanya biashara kubwa. Calcutta imeshageuka kuwa Kolkata. Ubalozi mdogo haukuhama, na mtu wa Kolkata anayefuata viza ya Marekani bado anamwambia dereva wa teksi ampeleke Ho Chi Minh Sarani.